Midnight Train ya Sauti Sol ilinikuta nyumbani Shinyalu, ndani ya kafyu

Swali lililoulizwa mtandaoni ni hili: ni albamu gani ya bendi ya Kenya iliyotufurahisha kuliko zote siku ilipotoka? Wawili waliojibu kabla yangu wamesema bendi ya Sauti Sol ilipotea njia na albamu yao Midnight Train, eti walikuwa wanawaimbia wageni. Jibu langu ni albamu hiyohiyo. Lakini lazima niseme kwanza nilikuwa wapi.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili na naongoza kwaya. Shule zilipofungwa Machi 2020 nilirudi nyumbani Shinyalu, Kakamega. Mwezi wa Mei tukampoteza baba mdogo. Hakuwa na korona, ni moyo tu ulimchoka, ila sheria ilikuwa moja kwa wote: watu 15 mazishini, na saa moja jioni kila mtu awe ndani. Kwetu Waisukha, jamii ya Waluhya, mzee hazikwi hivyo. Mzee husindikizwa na isukuti, zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na pembe ya swala na njuga, na watu wanakesha mpaka kunapambazuka. Mwaka 2014 UNESCO iliiweka isukuti kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, na nimewasimulia wanafunzi wangu jambo hilo mara nyingi. Siku ile tulimzika kabla ya saa sita mchana, tukanawa mikono, tukatawanyika. Wapiga ngoma walikuja hata hivyo. Walisimama barabarani, ngoma begani, hawakupiga.

Baba mdogo ndiye aliyenishika mkono akanipeleka kwaya ya kanisa nikiwa darasa la nne, akaniambia niache kufuata sauti ya kwanza kama kondoo, nisikilize besi inaenda wapi.

Albamu ikatoka Ijumaa, tarehe 5 Juni. Nilikuwa naingoja tangu wimbo wao Suzanna utoke Aprili, kwa sababu gitaa la Polycarp, mpiga gitaa wao, mle ndani lilinirudisha kwenye zilizopendwa ambazo baba mdogo alikuwa akizipiga Jumapili mchana. Kwetu mtandao unashika ukisimama chini ya mwavokado karibu na zizi, kwa hivyo nilisimama pale na bando langu mpaka nyimbo zote zikaingia. Usiku nikaunganisha simu na sabufa.

Nilipofika kwenye Disco Matanga, mama alitoka jikoni akiwa bado ameshika mwiko.

"Ni kwa nani kuna matanga?"

Nikamwambia ni wimbo, mama, ni wa Sauti Sol. Akaketi. Ulipoisha akasema, "Rudisha." Tuliurudia mara nne usiku ule, sauti imeshushwa kwa sababu ya kafyu, na mara ya tatu nikaona mabega yake yameanza kucheza. Tangu mazishi hakuwa amelia mbele yetu. Alilia hapo, akicheza.

Sasa mtu aniambie hiyo ni albamu ya wageni. Ni kweli wimbo ule wameshirikisha watu wa Afrika Kusini: Sho Madjozi, anayerapu kwa Kitsonga na Kiswahili pia anakijua, na Black Motion, ambao kazi yao ni midundo ya hausi, ule muziki wa kompyuta wa kuchezea klabuni. Siyo isukuti, na sidai ni isukuti. Lakini yeyote aliyekulia Kakamega, Vihiga au Bungoma anajua disco matanga ni nini: jenereta nyuma ya nyumba, spika mbili kubwa, vumbi, na marehemu amelala ndani. Machifu wamezipiga marufuku mara nyingi kwa sababu ya mabinti wa shule wanaoharibiwa maisha usiku ule, na mimi kama mwalimu nawaunga mkono kabisa, nimeona madawati yakibaki wazi. Hata hivyo kuna kitu cha kweli ndani yake, kwamba kwetu kifo huchezewa ngoma, na bendi kubwa kuliko zote nchini ilikitia kwenye albamu iliyotolewa na Universal Music Africa bila kukionea aibu. Wakakitoa wakati ambapo hakuna kijiji kilichoweza kukesha.

Nyimbo nyingine za mapenzi za Kiingereza nilizipita haraka, sitadanganya. Rhumba Japani ni ya vijana, wanamuziki Bensoul na Nviiri wamo, nayo inachangamsha matatu vizuri.

Ila Brighter Days! Wale waliotaja Sura Yako, wimbo wao wa zamani, na lipala, mtindo wa kuucheza, kama kilele chao wanasahau kwamba waimbaji wao Bien, Chimano na Savara walianzia kwenye kikundi cha kuimba bila ala pale Upper Hill School. Ni watoto wa kwaya. Kuwakuta kwenye wimbo huo wamesimama na Soweto Gospel Choir, kwaya ya injili ya Afrika Kusini, kwangu mimi ilikuwa kama kuwaona wamerudi kwao. Niliuandika wimbo ule kwa solfa, zile do-re-mi, sauti zote nne, nyuma ya daftari la mahudhurio, nikirudisha sekunde kumikumi ili nishike sauti ya tenori inapitia wapi. Ilinichukua siku tisa. Besi niliiandika kwanza.

Shule zilipofunguliwa Januari 2021 niliwafundisha kidato cha pili wimbo huo, barakoa usoni, wamesimama mbalimbali uwanjani, na sauti ya pili ilinitesa wiki nzima kwa sababu hawakuwa wanasikiana. Siku sauti zao ziliposhikana nilishindwa kuendelea kuongoza, nikawaacha wamalize wenyewe.

Mwaka jana tulimfanyia baba mdogo ukumbusho. Wapiga ngoma walewale walikuja, mmoja amezeeka sana, na safari hii walipiga tangu saa nane mchana mpaka mikono ikawachoka. Walipokaa kunywa chai, binamu yangu akaweka Disco Matanga kwenye spika. Mzee wa ngoma kubwa alisikiliza kidogo, akaweka kikombe chini, akaivuta ngoma yake katikati ya magoti na kuanza kuufuata mdundo. Mama alikuwa wa kwanza kusimama.