Malengo ya Mkristo Yaanzie Kazini Kwake

Kila mkesha wa mwaka mpya zinagawiwa karatasi kanisani tuandike tunachomwomba Mungu, na kila mwaka zinajaa mambo yaleyale: kiwanja, gari, mume, mtaji. Siyalaumu maombi hayo, hata mimi ninayo. Ila karatasi ile ni ya maombi. Wengi tunaikunja, tunaitumbukiza kikapuni mbele ya madhabahu, tunarudi nyumbani tukiamini tumeshapanga mwaka.

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani hapa Tanga. Nashona sare za shule, sare za kwaya, magauni ya harusi na, Idi ikikaribia, nguo za watoto wa majirani. Malengo yangu nayaandika kwenye daftari, ukurasa nimeupiga mstari katikati. Kushoto yanakaa yaliyo mkononi mwangu, kulia yaliyo mkononi mwa Mungu. Paulo aliwaambia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, lakini anayekuza ni Mungu. Basi "kupata wateja wengi" naliandika kulia, maana siwezi kumkamata mtu mkono barabarani nimwingize dukani. "Kumaliza nguo siku niliyoahidi" linakaa kushoto, na hapo sina wa kumsingizia.

Hili la ahadi ndilo ninalotaka tulizungumze. Mafundi tuna jina baya. Njoo kesho. Kesho ukija, umeme ulikatika. Keshokutwa imebaki vifungo na kupiga pasi tu, kumbe kitambaa hakijaguswa na mkasi. Mtu anaweza kufunga na kuomba apate fremu nzuri karibu na soko la Mgandini, na siku hiyohiyo ya mfungo akawadanganya wateja watatu kabla ya adhuhuri. Yesu alishasema ndiyo yetu iwe ndiyo, iko Mathayo 5:37. Sidhani kama kuna haja ya kukesha mlimani kutafuta mapenzi ya Mungu kuhusu jambo lililokwisha kuandikwa.

Kwa hiyo lengo langu la kwanza la kiimani halikuhusu pesa. Niliandika: sitataja siku nisiyoiweza. Ukiliandika hivyo linaonekana dogo, lakini ukitaka kulitimiza lazima ukae ufanye hesabu. Gauni la harusi linakula muda gani mpaka kutia shanga? Sare za kwaya nzima je, ambapo kuna waimbaji wasiokuja kupimwa hadi wiki ya mwisho? Umeme ukikatika nina cherehani ya miguu au nimekaa tu? Nikabandika kalenda ukutani. Kila siku ina nafasi zake, na zikijaa namwambia mteja siku ya mbele au namwelekeza kwa fundi mwenzangu. Desemba wapo wanaoondoka wamenuna, na wapo wanaosema fundi huyu anajidai. Sijatajirika kwa lengo hilo, ila simu za "fundi, vipi tena?" zimepungua sana, na Jumapili naingia ibadani bila kumkwepa mtu mlangoni.

Kuna ndugu wanaoona hesabu kama hizi ni kukosa imani. Mimi nawarudisha kwa Nehemia, Myahudi aliyekuwa mnyweshaji wa mfalme wa Uajemi. Alipopata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka alilia, akafunga, akaomba, na toka mwezi wa Kisleu hadi Nisani ndipo alipofungua kinywa mbele ya mfalme, yaani kama miezi minne. Mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba kimoyomoyo, kisha akajibu kama mtu aliyejiandaa: akataja muda, akaomba barua kwa maliwali, akaomba na barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, apewe mbao. Alipofika Yerusalemu alizunguka usiku kuukagua ukuta kabla ya kumwambia mtu yeyote. Ukuta ulikamilika kwa siku 52. Tunapenda kuzihubiri hizo 52, ile miezi minne tunaipita mbio. Na jina la Asafu nani analikumbuka? Malengo mengi yanakwama kwa sababu hatukuuliza mbao zitatoka kwa nani.

Mwaka fulani niliandika mashine ya overloki, ile ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke. Nikaweka akiba kidogokidogo kwenye kikoba, baada ya kutoa fungu la kumi. Pesa ikakaribia kutosha, mdogo wangu akalazwa hospitali ya Bombo, ikaenda huko. Wapo walioniambia ni adui amepiga biashara yangu, niingie kwenye maombi ya kufungua milango. Sikuona pepo hapo. Mtu aliugua, nikalipa. Yakobo katika waraka wake anatuonya kuhusu kupanga safari na faida kana kwamba kesho ni yetu, anatufundisha kusema Bwana akipenda. Majirani zangu Waislamu wananishinda kwa hili, hawataji kesho bila kumtaja Mungu kwanza. Overloki niliihamishia mwaka uliofuata, na lengo la kuwatunza ndugu zangu, ambalo sikuwa nimeliandika popote, nikaliandika.

Kuhusu kutangaza malengo, ushauri wangu ni mfupi: mtu mmoja anatosha. Awe anayeweza kukuuliza umefika wapi bila wewe kununa. Kusimama mbele ya jumuiya nzima ukataja ghorofa utakayojenga kunaleta makofi tu.

Na si lazima iwe Januari. Kwa fundi, Januari shule zinafunguliwa, sare zimerundikana hadi juu ya kitanda, na akili haina nafasi. Mimi nangoja Kwaresima. Kanisani harusi hazifungwi, cherehani inapumua, na mfungo unanisaidia kujua ninachotaka kweli na ninachokitaka kwa sababu jirani anacho. Nafungua daftari, nasoma upande wa kushoto kwanza. Lengo ambalo sijalianza na bado nalitaka naliwekea tarehe. Ambalo sijalianza na moyo haustuki nikilisoma, nalifuta.