Shangazi, nimshukuruje rafiki ambaye sijawahi kumwona?

*Shangazi shikamoo. Naishi Makambako, nina mume na watoto watatu. Mwaka juzi niliingia kwenye grupu la WhatsApp la wafugaji wa kuku chotara, humo nikafahamiana na dada mmoja wa Tanga. Kuku wangu walipoanza kufa kwa kideri, yeye ndiye aliyenielekeza chanjo. Mwaka huu mama yangu alilazwa hospitali ya Ikonda, Makete, kwa muda mrefu nikawa namuuguza, na kila jioni huyo dada alikuwa anapiga au anaacha ujumbe wa sauti. Siku moja bila kuombwa alinitumia elfu hamsini na ya kutolea. Mama amepona. Kikoba chetu tunakivunja katikati ya Desemba, nitapata laki tatu na kitu. Nataka ninunue gunia la mchele wa Kyela na vitenge, niende Tanga kumshtukiza Krismasi, halafu niweke picha yake kwenye grupu watu wajue wema wake. Mume wangu anasema mtu wa kwenye simu si rafiki, nitatapeliwa. Halafu huyo dada ni Mwislamu, Ramadhani alinitumia tende kwa basi. Je, zawadi ya Krismasi haitamkwaza? Nisaidie. Mama wa Makambako.*

Marahaba mwanangu, kamwene. Mama mpe pole nyingi. Baridi ya Makete inamlaza hata mzima, sembuse aliyekwenda huko akiwa mgonjwa.

Naanza na mume wako, maana najua jibu hili mtalisoma wote wawili. Baba watoto hajakosea kuogopa. Desemba matapeli nao wanatafuta hela ya sikukuu. Yupo anayejenga urafiki mtandaoni miezi na miezi, anakusalimia asubuhi na usiku, kisha ghafla amekutumia mzigo kutoka ng'ambo, umekwama bandarini, tuma hela ya kuugomboa. Wengine hata urafiki hawahangaiki nao: "Ile hela itume kwenye namba hii." (Ukipata huo ujumbe, usambaze kwenda 15040, namba ya kuripoti utapeli, kisha uendelee na mapishi yako.) Ila huyu wa Tanga amefahamiana nawe tangu mwaka juzi na hajakuomba hata vocha. Hela imetoka kwake ikaja kwako, tena na ya kutolea juu! Mimi tapeli anayelipia ya kutolea sijapata kumsikia.

Baba akitaka uhakika, upo wa bure. Achukue namba ya huyo dada, aanze hatua za kutuma elfu moja. Kabla hajathibitisha kutuma, jina la mwenye laini litajitokeza. Laini siku hizi zinasajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA, kwa hiyo jina likilingana na lile mnalolijua, moyo utatulia kidogo. Utatulia zaidi akimpigia mwenyewe na kusema, "Shemeji, nimeambiwa jinsi ulivyosimama na mke wangu tulipokuwa tunauguza." Dakika tano za kuongea zitamwambia mengi kuliko miezi ya kumsikia kupitia kwako.

Sasa nije kwako, na hapa nitakubana kidogo.

Barua yako nimeisoma yote, hata vipande nilivyovipunguza hapa. Kuhusu mama yako najua hadi wodi aliyolazwa. Kuhusu kuku wako najua rangi. Kuhusu huyo dada najua kwamba yuko Tanga, anafuga na anafunga Ramadhani. Basi. Ana watoto? Ana mume, au alikuwa naye? Anaishi na nani? Wazazi wake wako hai? Hizo jioni zote alipokuwa anapiga kuuliza mama amekula nini leo, yeye alikuwa amekula na nani? Inawezekana unayajua na hukuyaandika. Lakini mtu anayejua mambo ya rafiki yake huwa yanamponyoka tu, hata katika barua fupi. Mimi nadhani hujawahi kumuuliza.

Sikulaumu. Anayeuguza hana nafasi ya kuuliza habari za wengine, na urafiki wa simu una hila yake: aliyeanza kuwa msaidizi anabaki msaidizi, na aliyeanza kuwa na shida anabaki na shida. Jirani wa hapo kwako, hata asiposema, utaona moshi haujatoka jikoni kwake au utamsikia akikohoa usiku. Wa Tanga utaona kile tu alichoamua kukuonyesha, na watu wa aina yake huwa wanaonyesha upande ule wenye nguvu. Ndiyo maana nakwambia kabla ya kuwaza gunia, waza maswali. Alichokupa kikubwa haikuwa ile elfu hamsini. Alikuwa anakumbuka. Leo anauliza kipimo cha jana kimesemaje, kesho anauliza kama ulipata pa kulala. Shukrani inayofanana na hicho haiuzwi stendi ya Makambako.

Kwa hiyo piga simu, usiandike. Mwambie kwa kutaja. "Asante kwa yote" ni maneno mazuri, lakini hayana mlango wa kuingilia. Mwambie kuku waliobaki bandani walibaki kwa sababu yeye alikufundisha kuwadondoshea chanjo jichoni na kuirudia baada ya miezi mitatu. Mwambie ni usiku upi ujumbe wake ulikukuta umekaa nje ya wodi umejifunika khanga, na alisema nini. Hayo yeye hayajui. Aliyetenda wema kwa simu hajui ulitua wapi mpaka aambiwe. Kisha umuulize habari zake, halafu nyamaza. Akijibu "mimi sijambo, Alhamdulillah," usimbane. Uliza tena Januari, siku ambayo si sikukuu ya mtu.

Hilo la sikukuu lisikunyime usingizi. Mtu aliyekutumia tende za Ramadhani wewe unayekwenda kanisani ameshalijibu swali lako. Nchi hii tunakula pilau la Idi kwa majirani na wao wanakula letu la Krismasi, na watoto ndio wanaopeleka sahani huku na huku. Mwambie tu, "Hii ni ya sikukuu yetu, nimekukumbuka." Mume wako asije akaleta utani wa kumtumia ulanzi, pombe yenu ya mianzi.

Picha kwenye grupu, hapana. Najua nia yako ni kumtukuza, lakini fikiria siku inayofuata. Grupu lina watu mamia, kila mmoja ana mgonjwa wake, ana ada yake, ana kuku wake wanaokufa. Wakishajua kuna dada wa Tanga anayetuma hela bila kuombwa, simu yake haitapumua. Yeye alikutumia kimya kimya, nadhani kwa makusudi. Ukitaka kabisa kusema kitu hadharani, mwombe ruhusa kwanza, na jina ulifiche.

Safari ya kumshtukiza nayo iache. Mwenye nyumba ana haki ya kujua mgeni anakuja, afagie, akope kuku kwa jirani kama wake ni wa biashara. Pengine amepanga chumba kimoja na hataki ukione bado. Siku ikifika ya kuonana, mpange pamoja, uende na baba watoto, na mkutane kwanza mahali penye watu. Hilo la mwisho ningemwambia hata binti yangu, kwa rafiki yeyote wa mtandaoni, awe mwema namna gani.

Na laki tatu. Mwanangu, mvua zimeshaanza, mahindi yako yatadai mbolea ya kukuzia Januari hiyo hiyo watoto wanaporudi shule. Ada ya serikali imefutwa, sawa, ila sare hazikufutwa, wala madaftari, wala viatu vilivyobana. Ukimtumia zawadi ya laki tatu, yeye atahesabu kwamba elfu hamsini yake imekugeuka deni, na safari ijayo atasita kukusaidia. Wahenga walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hela ya kikoba ifanye kazi yake.

Tuma kidogo kinachotoka pande zenu kweli. Kilo kumi za mchele wa Kyela zinatosha, ule wenyewe, siyo uliochanganywa, maana mtu wa pwani anayepika wali kila siku atajua kwa harufu tu. Ongeza majani ya chai ya Mufindi, hayana uzito na hayaharibiki. Viazi vya Njombe ningependa avionje, lakini gunia la viazi kwa mtu usiyejua anakula na wangapi ni kumtafutia kazi ya kugawa. Kitenge kimoja, kama nafsi itakuuma bila kitenge.

Mzigo uondoke mapema, usisubiri wiki ya Krismasi. Wiki ya Krismasi mabasi yanayopanda kutoka Dar yanajaa hadi kwenye korido, yanayoshuka yana nafasi, ila mzigo wa Tanga huenda ukabadilishiwa gari njiani na ndipo mizigo inapopotelea. Andika jina na namba ya simu pande mbili za kiroba kwa kalamu isiyofutika, ushone mdomo badala ya kufunga kamba. Risiti ipige picha umtumie. Na nauli ya mzigo uilipe yote huku, asije akadaiwa kule anapokwenda kuuchukua.