Muulize Fundi: Kitabu kizima hewani kwa dakika mbili?

SWALI: Shikamoo fundi. Barazani kwetu Chumbageni kuna mzee anashikilia kwamba Wamarekani waliwahi kurusha kitabu kizima kwa redio ndani ya dakika mbili, zamani hizo kompyuta hazijaenea. Tumembishia. Mbona faksi ya posta ilikuwa ikitoa ukurasa mmoja taratibu hadi miguu inauma? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba. Mzee wenu yuko sahihi, mwombeni radhi. Ilikuwa tarehe 21 Oktoba 1948, mjini Washington. RCA, kampuni ya redio na televisheni ya huko Marekani, ilirusha riwaya ya Gone with the Wind, kurasa 1,047, hadi Maktaba ya Bunge la Marekani, umbali wa kama kilomita 5, kwa dakika 2 na sekunde 21. Pigeni hesabu: kurasa saba na ushei kila sekunde! Mtambo waliuita Ultrafax.

Ila hizo dakika mbili zina lake jambo: ni za hewani tu, maandalizi na kusafisha filamu havimo. Kurasa zote zilikuwa zimeshapigwa picha kwenye filamu. Nukta kali ya mwanga ikapita kila picha, mstari kwa mstari, na jicho la umeme likageuza weusi na weupe kuwa mawimbi. Upande wa pili kioo kama cha televisheni kikachora upya, kamera ikadaka kwenye filamu nyingine, nayo ikasafishwa. Konda wa basi la Dar naye hukutajia saa za barabarani tu. Za kusubiri abiria stendi hazihesabu. Ndiyo maana Kodak, watengenezaji wa filamu, walikuwemo: filamu isiposafishwa upesi, kasi yote ya hewani ni bure.

Faksi ya posta ilipita kwenye waya wa simu, uliowekwa kubeba sauti ya mtu. Ultrafax ilitumia njia pana ya televisheni, zaidi ya mara elfu ya hiyo, na mawimbi yake hayafuati mgongo wa dunia. Kwenda mbali yanataka minara ya kupokezana. Nani Tanga angelipia yote hayo ili atume ankara ya katani?

Faksi ya redio ya kwenda mbali ni ya mawimbi mafupi. Nilipokuwa nikitengeneza redio za meli bandarini niliiona ikichora ramani za hali ya hewa: mistari 120 kwa dakika, karatasi inatoka mbichimbichi na harufu yake kali, ramani moja dakika kumi hivi. Mabaharia hawakunung'unika, maana ilikuwa ikirushwa kutoka nchi nyingine kabisa.