Rafiki yangu mwenyekiti kafariki, sasa wananitaka mimi nikalie kiti chake

SWALI

Shangazi shikamoo. Mimi ni mjumbe wa kamati ya mtaa huku Tanga. Mwenyekiti wetu alifariki mwezi uliopita, na kwangu hakua mwenyekiti tu, ni rafiki yangu toka chuoni tunasoma juzuu, tumeoa mwaka mmoja, shida zangu zote alikua anazijua. Wajumbe wenzangu wamenipa nikaimu na wazee wananisukuma nigombee uchaguzi mdogo ukitangazwa. Tatizo kila nikigusa kitu naambiwa marehemu asingefanya hivi. Kuna mzee marehemu alimuahidi uchochoro wa kwake hautaguswa, na mkutano wa mtaa ulishapitisha upanuliwe ili gari la taka na la zimamoto lipite, sasa mzee anasema ukuta wake ukivunjwa nimemsaliti rafiki yangu kaburini. Chini chini wengine wanasema nilikua nakimezea mate kiti siku nyingi. Na muhuri bado upo kwa shemeji, yuko eda, watu wanampigia hodi wanataka barua za utambulisho. Nikubali au niachane nayo?

Mdau, Tanga

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole sana, Mungu amrehemu rafiki yako.

Naanza na ulilolitaja mwisho maana ndilo limeniuma. Mjane yuko ndani ya eda, miezi minne na siku kumi, halafu watu wanamgongea wanataka kugongewa muhuri! Hilo lisilale. Kesho asubuhi nenda kwa mtendaji wa mtaa, ule muhuri ni mali ya serikali, mfuatane yeye na wewe na kaka wa shemeji, na mkeo ndio aingie ndani kuongea nae. Mchukue muhuri, madaftari ya wakazi na mihtasari, kila kitu kiandikwe na kisainiwe, na kama kulikua na michango ya watu, taa au ulinzi, risiti zihesabiwe siku hiyo hiyo mbele ya wajumbe. Hapo unamkinga marehemu na unajikinga wewe. Halafu bandikeni karatasi mlangoni kwamba huduma zimehamia ofisi ya mtendaji. Na simu ya marehemu kama bado inaita, watoto wawape watu namba ya mtendaji.

Sasa uchochoro. Ahadi za rafiki yako ziko aina mbili usizichanganye. Alizoahidi yeye kama yeye, labda kumsomesha mtoto wa fulani au kumalizia deni la mtu, hizo mkae familia na marafiki muone mnaweza nini. Lakini aliyoahidi kama mwenyekiti ni mambo ya mkutano wa mtaa, na mkutano ukishapitisha kitu hata yeye angekua hai asingeweza kukifuta peke yake akiwa kibarazani kwa mzee. Nenda kwa mzee na muhtasari mkononi, mpe heshima yake, msikilize mpaka amalize, mwambie kama ana hoja ya ukuta au ya fidia ailete mkutanoni na wewe utahakikisha inasikilizwa. Usimwambie "marehemu alikosea", na usimwambie "nitaangalia" wakati unajua jibu.

Angalia mama Samia. Hayati Magufuli alipofariki Machi 2021 yeye ndio alikua makamu wake toka 2015, akaapishwa tarehe 19. Reli ya SGR na bwawa la Nyerere kule Rufiji akaendelea nayo, lakini kwenye korona akabadili njia, akaunda kamati ya wataalamu na Julai 28 akachanjwa hadharani, wakati mtangulizi wake alikua anazitilia shaka chanjo waziwazi. Hakusubiri watu waache kulinganisha ndio aamue.

Na watalinganisha tu, vumilia. Moi alipompokea mzee Kenyatta kijiti mwaka 1978 alisema anafuata nyayo za mzee, baada ya miaka michache maziwa ya shule ni ya Nyayo, uwanja wa mpira Nairobi ni Nyayo, na mtu akitaja nyayo anamkusudia Moi mwenyewe.

Wanaosema ulikua unakimezea mate, usiwajibu, tena usiape mbele ya watu. Ila jiulize mwenyewe usiku umetulia, je hii kazi ungeitaka hata kama aliyefariki angekua mtu usiyemjua? Kesi za mipaka, hodi za usiku wa manane, posho yenyewe ya kusuasua. Kama jibu ni ndio, chukua fomu. Kama unaingia kwa sababu tu unaona aibu kumwangusha marehemu, kaimu vizuri mpaka uchaguzi mdogo halafu mwachie mwingine, hakuna atakayekulaumu mwenye akili zake.

Na tafadhali tafuta mtu wa kulia nae. Umezika rafiki wa utotoni na siku hiyo hiyo ukaanza kupokea malalamiko ya taka. Yupo mwenzenu mwingine mliyesoma nae chuoni? Kaeni mmuongelee.

Uchaguzi ukipita tuandikie, na utuambie uchochoro umefikia wapi.