Kumwita padre kabla ya upasuaji si kumchuria mgonjwa

Umeuliza kama mama yako anaweza kupakwa mafuta, ile sakramenti ya wagonjwa ya Kanisa Katoliki, kabla ya kutolewa uvimbe wa utumbo Alhamisi, na dada zako wanasema kumleta padre wodini ni uchuro. Anaweza, tena asingojeshwe. Woga wao umebaki kutoka enzi za jina la "Mpako wa Mwisho". Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa, ulishasema mwaka 1963 kwamba Mpako wa Wagonjwa ndilo jina linalofaa zaidi, na Papa Paulo VI akairekebisha ibada yenyewe mwaka 1972. Si lazima mtu awe anakata roho. Ugonjwa mkubwa unatosha, au uzee uliomdhoofisha. Kung'oa jino hakumo.

Kama hospitali ina kapelano, yaani padre anayewahudumia wagonjwa wake, anza naye. Kama haina, pigia parokia iliyo karibu na hospitali, kwa sababu padre wenu wa Githurai ataishia kwenye jam ya Thika Road saa za kuona wagonjwa zikipita. Mwambie wodi, namba ya kitanda, na kama mama anaongea na kumeza vizuri.

Padre afike Jumatano jioni. Alhamisi asubuhi mama atakuwa ameamriwa asile wala kunywa, na Komunyo itakwama hapo. Ataungama kwanza, kwa hiyo nyinyi tokeni nje na pazia livutwe. Wodi ya vitanda sita ina masikio. Kisha padre humwekea mikono kichwani, kimya. (Watu hudhani amesahau maneno.) Ndipo humpaka kwenye paji la uso na mikononi. Mkono wenye dripu uangalieni: plasta ya kanula ikilowa mafuta hubanduka, basi apake mbali nayo. Akiwa mahututi, paji la uso peke yake linatosha. Mshumaa uacheni nyumbani kama kuna oksijeni.

Sasa ile chupa ya mafuta ya "upako" ambayo shangazi angetaka kumtumia mama. Mafuta ya wagonjwa ni ya zeituni au ya mmea mwingine, na kwa kawaida askofu huyabariki kwenye Misa ya Krisma, ile ya kubariki mafuta matakatifu karibu na Pasaka. Anayepaka ni padre au askofu. Katekista hawezi, hata shemasi hawezi. Shangazi akitaka kuomba, aombe, lakini asimnyweshe mama hata kijiko usiku huo. Tumbo lisipokuwa tupu, chakula kinaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa kwenye nusukaputi.

Hapo pia ndipo neema hueleweka vibaya. Barua ya Yakobo, sura ya 5, inawataja wazee wa kanisa, sala, mafuta, kuinuliwa na kusamehewa dhambi. Kanisa halikuwahi kusoma humo kwamba kila anayepakwa atatoka na utumbo mzima. Neema ya mpako ni nguvu, amani na msamaha. Afya ya mwili huja ikiwa inafaa kwa wokovu wake. Anayemwambia mgonjwa wa sukari aache insulini "kwa imani" anamuua. Na anayemwambia kwamba hakupona kwa sababu imani yake ni haba anamwongezea kidonda cha pili, ambacho daktari hana uzi wa kukishona.

Hali ikizidi kuwa mbaya baada ya upasuaji, anaweza kupakwa tena. Aliyekwisha kufa hapakwi, huombewa. Mkiwa na shaka kama bado yu hai, padre humpaka.