Bei ya bronkoskopi na bili ya mwisho

SWALI: Mhariri, baba yangu ana umri wa miaka 67 na amekohoa kwa miezi 3. Picha ya kifua ilionyesha doa kwenye pafu la kulia, na daktari akaagiza afanyiwe bronkoskopi, yaani kipimo cha kutazama ndani ya njia za hewa. Hospitali moja ya binafsi hapa Nairobi ilitutajia bei kwa simu, lakini tulipofika kwenye dawati la malipo kiasi kilikaribia kuwa maradufu. Baba amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, nami nina bima ya kazini. Tofauti ya kulipa kwa bima na kulipa taslimu ni ipi hasa?
Msomaji, Kayole

JIBU: Pole kwa kuuguza. Bei mliyotajiwa kwa simu huenda haikuwa ya uongo; yamkini ilikuwa ya kupitisha bomba peke yake. Katika kipimo hiki daktari huingiza bomba jembamba lenye kamera puani au mdomoni hadi kwenye njia za hewa, akaosha sehemu yenye shaka kwa maji ya chumvi na kuyavuta tena, au akachukua kipande kidogo cha nyama. Sampuli hizo hutiwa kwenye vichupa, na hapo ndipo pesa zinapopotelea, kwa kuwa kichupa cha kupima bakteria, cha kifua kikuu na kile cha mtaalamu wa patholojia, anayechunguza nyama na chembe kwa hadubini, huweza kutozwa kila kimoja peke yake. Ongeza ada ya daktari, dawa ya usingizi, chumba, na pengine picha ya CT kabla ya yote. Mwenye kulipa taslimu na aombe makadirio ya maandishi yanayotaja vyote hivyo, maabara ikiwamo.

Kuhusu SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF, bima ya zamani ya serikali, Oktoba 2024, hakikisha kwanza kwamba michango imelipwa. Aliyeajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, yaani shilingi 1,100 kwa anayepata 40,000. Asiye na ajira rasmi hulipia mwaka mzima, na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Kusajiliwa bila kulipa hakumfikishi mgonjwa mbali. Hata aliyelipa, mfuko hugharamia kwa viwango vyake, na hospitali ya binafsi ikitoza zaidi, salio huwa la familia. Ndiyo maana ningeanzia hospitali ya umma ya rufaa, kama ile ya Kenyatta, ijapokuwa foleni huwa ndefu.

Bima yako ya kazini isikutie matumaini mapema, kwani nyingi hubeba mwenzi na watoto, si wazazi. Iwapo baba ameorodheshwa, uliza kama kipimo kitahesabiwa kwenye kikomo cha wagonjwa wa nje, ambacho huisha upesi, au cha kulazwa, na idhini ya bima ipatikane kabla ya siku yenyewe.

Muulizeni daktari pia kama makohozi yameshapimwa kifua kikuu, kipimo ambacho katika vituo vya umma hakilipiwi. Siku ikifika, mzee asile chochote kwa saa ambazo hospitali itaagiza, kwa kawaida 6 au zaidi. Aliyekunywa chai ya maziwa alfajiri huahirishwa, na nauli ya Kayole ikalipwa mara mbili.