Jibu: Nani ana haki ya kumfanya mtu naiti Westeros?

Ndugu, umeuliza kama ni mfalme peke yake anayeweza kutoa cheo cha unaiti (shujaa wa farasi aliyekula kiapo) kule Westeros, bara la kubuni la Game of Thrones. Hapana. Naiti yeyote anaweza kumpa mwingine, hata porini. Kukesha hekaluni na kupakwa mafuta saba ni desturi nzuri, ila zikikosekana cheo hakibatiliki. Unapiga magoti, upanga unakugusa bega hili kisha lile, na kila mguso una agizo lake kwa jina la mmoja wa miungu Saba wa huko: kwa jina la Shujaa uwe jasiri, kwa jina la Baba utende haki, kwa jina la Mama uwalinde wasio na hatia.

Naiti Jaime alipompa Brienne, mwanamke mpiganaji, cheo hicho kwenye ngome ya Winterfell, katika tamthilia hiyo mwaka 2019, hapakuwa na kuhani wala mafuta. Moto ulikuwa unawaka, na wenzao wachache wakishuhudia. Brienne akainuka akiwa Ser, yaani naiti. Mimi nililia.

Watu wa Kaskazini wengi hawana cheo hiki kwa sababu kiapo chake ni cha miungu Saba, nao wanafuata miungu ya kale. Jon Snow, kwa mfano, alipoapa kuwa Mlinzi wa Usiku, yaani mlinzi wa Ukuta wa kaskazini, aliapa mbele ya miti myeupe yenye nyuso, mitakatifu kwa miungu hiyo ya kale, ng'ambo ya Ukuta.